Makofi ya Kilo

Kabla ya ile semina, mtu akitoa wazo katika kikundi cha Tusimame alijua anaingia vitani. Utasema unataka banda la mashine lijengwe pale kwenye mwinuko, na kabla hujafunga mdomo bibi Apoline ameshakuuliza upepo wa huko unatoka upande gani, na kama nia yako ni unga wote uende kwa jirani. Utanuna. Watu watacheka. Wengine watasema bibi ana roho mbaya, wengine watasema bibi ana haki, mtazozana mpaka jua linakwenda kuzama. Mwisho wake mlango wa banda utageuzwa, na wiki inayofuata kila mtu yuko juu ya paa na nyundo mkononi. Banda lile lipo mpaka leo, na unga wake unabaki ndani.

Kikundi kilikuwa na watu thelathini na mmoja, wengi wao wanawake, katika kijiji kimoja nje ya Kibondo, kwenye njia ya kwendea Kasanda. Kazi yao ilikuwa muhogo: kuulima, kuumenya, kuuloweka kijitoni, kuuanika, kuusaga na kuuza unga. Mwenyekiti alikuwa Mwanaheri, mjane wa miaka hamsini na ushei, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili akaitika. Na tuseme kweli, Mwanaheri naye hakuwa malaika. Wazo likimchosha alilikata katikati, akamwambia mwenye nalo kwamba hilo haliwezekani, akae. Mtu anakaa.

Ndipo shirika moja likawaita viongozi wa vikundi kwenye ukumbi mmoja pale Kasulu, siku tatu, chai na maandazi asubuhi, wali na kuku mchana. Mwezeshaji alikuwa kijana mtanashati aliyevaa saa kubwa, na somo lake lilikuwa jinsi ya kupokea mawazo mapya ya wenzako. Siku ya pili akamsimamisha Mwanaheri mbele za watu. Mwenzake mmoja akajifanya anatoa wazo la kufuga bata. Mwanaheri, kwa kuwa hakujua kuigiza, akajibu vile vile anavyojibu nyumbani: bata wa nini, na hapa hakuna bwawa? Kijana akageuka kwenye bango kitita, akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa: MUUAJI WA MAWAZO. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwanaheri naye alicheka, angefanya nini? Lakini kicheko kile kilimwingia. Usiku ule, kwenye chumba cha wageni alicholala, aliona aibu ambayo hajaiona tangu akiwa msichana. Watu wa wilaya nzima walikuwa wamesoma neno lile na kumtazama yeye. Akajiapiza kwamba hakuna atakayemwita tena muuaji wa kitu chochote.

Siku ya tatu wakafundishwa dawa. Mwenzako akitoa wazo, mtazame machoni, tabasamu, mwambie "wazo zuri sana", kisha wote pamoja mpigieni makofi ya kilo: matatu mepesi ya haraka haraka, halafu moja zito, lile la kilo, pwaa. Walifanya mazoezi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mwanaheri aliyashika kuliko wote. Mwezeshaji alimsifu mbele ya ukumbi ule ule uliomcheka jana yake, na sifa ile ilimtuliza kama uji wa moto tumboni.

Akarudi nayo kijijini kama mtu aliyebeba kaa la moto. Wiki ile ile aliwafundisha wenzake wote. Pasikali, katibu wa kikundi, mwanamume mpole mwenye mwandiko wa kupendeza, akanunua daftari jipya, akaandika juu yake "Mawazo", na kila ukurasa akaupiga mistari: tarehe, jina, wazo, na mwisho kabisa safu moja nyembamba yenye neno "Limepokelewa". Kila wazo aliweka alama ya vyema kwenye safu ile. Bata, limepokelewa. Kitalu cha miparachichi, limepokelewa. Sare za vitenge, choo cha banda, ziara ya Manyovu kwenda kuona wenzao wa mpakani wanavyofunga unga, vyote vimepokelewa. Ukilisoma daftari lile utadhani kijiji kile ni Ulaya. Ukiinua macho ukatazama nje, utaona banda ni lile lile, na choo ni kichaka.

Lakini vikao vilikuwa vitamu. Hakuna aliyenuna. Viliisha mapema, watu wakarudi nyumbani wepesi, kila mmoja amesifiwa. Tatizo lilikuwa bibi Apoline tu. Kikao cha kwanza baada ya semina aliinua mkono kuuliza hao bata watakula nini, na Mwanaheri akamvuta pembeni baada ya kikao kumweleza kwamba siku hizi hawaulizi hivyo, mwenzako anavunjika moyo.

"Sasa mnafanyaje?" bibi akauliza.

"Tunapiga makofi, bibi."

Apoline aliitazama mikono yake, mikavu, yenye nyufa za utomvu wa muhogo wa miaka sitini, kana kwamba hajui hasa itafaa vipi kwa kazi hiyo mpya. Tangu siku hiyo alikuja vikaoni akakaa karibu na mlango, na wenzake wakipiga makofi yeye alikunja mikono ndani ya khanga.

*

Nasma alikuwa mwana wa dukani. Baba yake, mzee Isihaka, ana duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini, duka la zamani ambalo babu zake walilianza walipokuja kutoka pwani. Nasma aliolewa na Muha wa kijijini pale, akaacha baraza la saruji akaja kushika jembe, na watu wengi walingoja ashindwe. Hakushindwa. Mumewe ndiye aliyeshindwa. Alikwenda machimboni Geita kutafuta maisha, na maisha yakampenda huko huko. Akabaki Nasma na watoto watatu na shamba la eka moja la muhogo, la mwaka wa pili, mashina manene kama mapaja. Shamba lile ndilo lilikuwa chakula chake mpaka mavuno mengine, na ndilo lilikuwa jibu lake kwa baba yake, ambaye kila akipiga simu alimwuliza anarudi lini nyumbani.

Zamani Nasma alifanya kibarua kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, kabla haijafungwa. Huko alimwona mama mmoja wa Kirundi, jina lake Niyubahwe, akikausha mboga chini ya nailoni nyeupe aliyoitandaza juu ya fito, na mvua ikinyesha juu yake. Chini mboga zilikuwa kavu, zinavunjika. Nasma hakuisahau picha ile. Na kila msimu wa mvua, alipoona makopa ya wenzake, vile vipande vya muhogo vilivyoanikwa, yakiota ukungu juu ya mawe na kutupwa, alizidi kuikumbuka.

Basi kikao cha mwisho wa Septemba alisimama. Hakuwa mzungumzaji. Alieleza kwamba kikundi kikijenga kikaushio cha nailoni, kirefu, cha fito na nguzo, wataweza kukausha muhogo hata mwezi wa Novemba, wakati unga ni adimu kila mahali. Nailoni ataitoa yeye, kwa baba yake. Uwanja upo nyumbani kwake. Na kwa kuwa wazo ni lake, shamba lake litangulie: waweke siku moja ya msaragambo, watu wote thelathini na mmoja, asubuhi wajenge, mchana wamenye, jioni muhogo wake wote uwe ndani ya kikaushio. Bwana shamba wa wilaya ataitwa aje aone.

Lilikuwa wazo zuri. Hilo Mwanaheri alilijua papo hapo, kwa tumbo lake, kama mpishi anavyojua chumvi. Na kwa tumbo hilo hilo alijua lina tundu, ila hakuweza kulitaja.

Bibi Apoline aliinua mkono kule mlangoni.

Mwanaheri aliuona. Aliuona vizuri, kidole kile kilichopinda, na mdomo ambao tayari ulikuwa umefunguka. Akamtazama Nasma, mwana wa watu, amesimama na uso umejaa matumaini. Akayakumbuka maandishi mekundu ya Kasulu. Mwanaheri akanyanyuka kwenye kiti, akatabasamu kwa meno yote, akasema kwa ile sauti yake ya kuita milima:

"Wazo zuri sana. Makofi ya kilo kwa mwenzetu."

Matatu mepesi na moja zito. Banda likatikisika. Mkono wa bibi Apoline ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka. Pasikali akaandika: msaragambo, Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, kwa Nasma, wote, akatia alama ya vyema. Nasma akakaa akifuta machozi na ncha ya mtandio, kwa sababu tangu aolewe kijijini pale hakuna siku watu wale walimfanyia hivyo.

*

Yeyote aliyekulia kwenye muhogo anajua jambo moja. Muhogo ukiwa ardhini ni mvumilivu, utakungoja mwaka, utakungoja miaka miwili. Ukishaung'oa, basi, una siku mbili, siku tatu ukibahatika. Baada ya hapo michirizi myeusi inaingia ndani yake na ng'ombe mwenyewe anaukataa. Kwa hiyo anayeng'oa eka nzima ni mtu mwenye mikono mingi nyuma yake, au ni mwendawazimu. Nasma hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na mikono hamsini na minane, ameihesabu ikipiga makofi.

Jumanne alianza kung'oa, yeye na watoto wake. Jumatano wakamaliza.

Jumatano hiyo hiyo, mchana, wingu lilijikusanya juu ya vilima likawa zito. Watu wakaanza kutazamana. Mvua ya kupandia haijanyesha vizuri tangu mwezi uanze, na mvua ya kwanza ya kweli haimsubiri mtu. Asiyepanda maharage siku ile atakula maharage ya jirani. Pasikali alipita kwa Mwanaheri, akamwambia kwa upole wake kwamba kesho yeye atakuwa kwa wakwe zake Kasanda, ana mbegu zake huko, lakini moyo wake uko na wenzake. Mama mmoja akatuma mtoto kusema anaumwa mgongo. Wawili wakapiga simu. Hakuna aliyesema msaragambo ufutwe, maana kufuta kungekuwa kulivunja wazo la mwenzao. Kila mmoja alijitoa yeye tu, akiwaachia wengine.

Jioni Nasma mwenyewe akafika. Alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi, na alikuwa na furaha. Alimsalimu Mwanaheri kwa magoti, akamwambia ameshamaliza, shamba lote liko juu ya ardhi, lundo kama nyumba.

"Kwa hiyo kesho saa moja, mama? Nimewawekea uji."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema: mwanangu, hawaji; twende usiku huu tugonge milango, au twende tuanze kumenya tuupeleke kijitoni, tuokoe tunachoweza. Mwanaheri alikuwa na maneno hayo mdomoni, yote, kwa mpangilio. Lakini alimtazama Nasma machoni, kama alivyofundishwa, na hakuweza kuuona uso ule ukivunjika mbele yake, kwa mkono wake. Akatabasamu.

"Inshallah, mwanangu. Umefanya vizuri sana."

Nasma akaondoka akiruka mashimo ya njiani. Na Mwanaheri aliingia ndani akachagua mbegu zake za maharage.

*

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua nzuri, ya kumshukuru Mungu. Mwanaheri alikwenda shambani. Alijiambia atapanda matuta machache tu kisha aende. Akapanda mengine machache. Akajiambia kwamba katika watu thelathini hawatakosa kumi, na kumi wakiwepo yeye si kitu. Ndivyo kila mtu alivyojiambia siku ile, kila mmoja ameinama katika shamba lake, kijiji kizima cha migongo.

Alipofika kwa Nasma ilikuwa saa tisa. Lundo lilikuwa pale uani, limefunikwa kwa ile nailoni nyeupe ya mzee Isihaka, maji yakitiririka pande zote. Nguzo nne zilikuwa zimesimamishwa, mbili zimepinda. Sufuria la uji lilikuwa limejaa, limeota utando. Chini ya upenu Nasma na watoto wake wawili wakubwa walikuwa wakimenya, na pamoja nao mtu mmoja tu, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, kisu kikienda bila kusimama: bibi Apoline.

Katika wote, aliyekuja ni yule ambaye hakupiga makofi.

"Mwakeye, bibi," Mwanaheri akasalimu, ingawa asubuhi ilishapita zamani, aliishiwa salamu.

Apoline alionyesha kwa kidevu. "Kisu kiko pale."

Mwanaheri akamenya. Nasma hakumtazama, wala hakumwuliza wengine wako wapi. Alikuwa ameshauliza swali hilo barabarani tangu saa moja mpaka saa nne, akisimama mvuani kuwatazamia. Walimenya mpaka giza, wakamenya Ijumaa, na Ijumaa wakaja wengine watatu wanne, wamejaa pole. Lakini kijito kilikuwa kimefurika, hakikulowekeka kitu, na kikaushio cha nguzo nne hakikuweza kubeba hata sehemu ya kumi. Jumamosi bibi Apoline alivunja mzizi mmoja katikati, akautazama, akauweka chini. Michirizi ilikuwa imeingia. Akavunja wa pili na wa tatu.

Waliokoa magunia mawili. Mengine yote, eka nzima ya miaka miwili, yalibaki pale uani yakavunda. Harufu ilifika barabarani. Na makopa yale machache yaliyokuwa chini ya nailoni yalikauka vizuri kabisa, meupe, yanavunjika kama chaki, katikati ya mvua. Wazo lilikuwa la kweli. Hilo ndilo lililomwuma Mwanaheri kuliko harufu.

Jumapili, wakati wanarudi kutoka kwa Nasma, Mwanaheri alimwuliza Apoline siku ile ya kikao alitaka kusema nini.

"Nilitaka kumwuliza kwa nini asianze na matuta mawili," bibi alisema. "Basi. Matuta mawili, tuone. Swali lenyewe lilikuwa hilo."

"Angeninunia wiki moja," akaongeza. "Angekuwa na shamba."

*

Kikao kilichofuata Nasma alikuja, akakaa nyuma. Watu walimpa pole moja moja, pole za dhati, wengine wakilia. Si kwamba walikuwa watu wabaya, na hapo ndipo uchungu ulipo. Kisha Pasikali akasimama na wazo kwamba kikundi kimwandikie mwenzao barua ya kumfariji, yenye sahihi za wote. Mikono ikapiga yenyewe, matatu na moja, kabla mtu hajafikiri. Pasikali akaandika, akatia alama ya vyema. Nasma aliwatazama wote, mmoja mmoja, kwa utulivu ambao Mwanaheri hakuupenda, kisha akatoka. Wiki ile ile alifunga mlango, akawachukua watoto, akarudi Kasulu kwa baba yake. Barua haikuandikwa. Bibi Apoline naye hakuonekana tena kikaoni.

Mwanaheri alikaa na jambo hilo Novemba nzima na Desemba nzima. Alipokuwa akilala aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema Inshallah. Mwisho, mwezi wa Januari, alipeleka wazo kikaoni: Nasma arudishwe. Kila mwanachama amkatie sehemu ya shamba lake mwenyewe, mahali muhogo umekomaa, ale mpaka apate wake. Na kikaushio kijengwe upya, cha kwake. Alilisema kwa machozi. Wenzake waliguswa. Alikaa akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, akaenda kwa Apoline kumwambia anakwenda Kasulu.

Apoline alimsikiliza hadi mwisho. Akaingia shambani kwake akakata mashina ya muhogo, mbegu ya kupanda, akachagua yaliyonyooka, akayafunga kwa kamba ya gome.

"Mpelekee haya. Usimwambie kitu. Mpe tu."

*

Duka la mzee Isihaka halikuwa mbali na stendi. Mwanaheri aliegemeza mzigo wa mashina ukutani, nje, ili asiingie na udongo dukani kwa watu, akapiga hodi. Mzee alikuwa nyuma ya meza, kofia nyeupe, miwani imeshuka puani. Nasma alikuwa anapima misumari kwenye mizani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwagizia chai. Watoto hawajambo, wako shule.

Mzee Isihaka alimjua mgeni ni nani. Alimtazama bila hasira.

"Mama, mimi ni muuza duka," alisema. "Mteja akiingia akaisifu bidhaa yangu, nzuri, safi, maridadi, asiulize bei, mimi simfungii. Huyo hanunui. Anayenunua anabisha, anageuza geuza, anatafuta kasoro mpaka anakukera. Huyu binti nilimfundisha hilo akiwa na miaka saba. Sijui huko kwenu alilisahau vipi."

Akanyanyuka, akaenda nyuma kuswali adhuhuri, akawaacha wawili.

Mwanaheri alikuwa amejipanga njia nzima. Akamtazama Nasma machoni. Akaomba radhi kwanza, na radhi ile ilikuwa ya kweli, ilitoka na kamasi. Alimwambia habari ya ile jioni ya Jumatano, kwamba alijua na alinyamaza. Kisha akamweleza wazo. Kila mtu atatoa sehemu ya shamba. Kikaushio kitajengwa. Arudi nyumbani.

Nasma aliacha misumari. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Na kikundi kimekubali?"

"Kimekubali, mwanangu. Wote."

"Nani anatoa wapi?"

Mwanaheri hakujua. Hakuna aliyesema ni wapi.

"Waliuliza nini, mama?"

"Hawakuuliza kitu. Walikubali tu. Walipiga..."

Hakumaliza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, na wote wawili walilisikia. Mwanaheri aliona uso wake ukiwaka moto, aibu ile ile ya bango kitita, ila hapa hapakuwa na mtu wa kucheka.

Nasma akajifuta vumbi la chuma mikononi. Akamtazama Mwanaheri machoni. Akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, lile lenyewe la semina.

"Wazo zuri sana, mama mwenyekiti," akasema.

Akapiga matatu mepesi, taratibu, na moja zito. Likasikika mpaka chumba cha nyuma.

Katika kikundi, mtu akishapigiwa makofi hukaa. Mwanaheri alikuwa ameshakaa; akasimama. Aliaga, Nasma akamwitikia kwa adabu zote, akairudia mizani yake, kwa sababu mteja alikuwa ameingia na alikuwa anauliza kwa nini misumari hii ina kutu.

Mwanaheri alitembea mpaka stendi bila kuona anapokanyaga. Alipotaka kupanda basi, utingo alimwambia, "Mama, huo mzigo shusha uwekwe chini," na ndipo alipogundua kwamba mashina ya bibi Apoline bado yako begani pake. Alikuwa ameyaokota ukutani wakati anatoka dukani, kwa mazoea ya mtu asiyeacha kitu chake.

Duka halikuwa mbali. Kutoka pale aliweza kuuona mlango wake. Dereva alipiga honi mara moja, kisha ya pili, na Mwanaheri akamkabidhi utingo mzigo, akapanda.